Mwenye Mpira Hakosi Namba: Wahindi wa Rungwe na Viwanja vya Michezo

Ni desturi ya vitabu vya kumbukumbu kama hiki kuandika habari za waliotoa kiwanja, waliogharimia mabati na marumaru, na kupanga majina ya wenyeviti kwa mfuatano wa miaka yao. Habari hizo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki, nazo zimeandikwa vema. Kamati ilipotutaka tuandike sehemu ya historia ya jamii yetu hapa Kyimo na Rungwe kwa jumla, tulichagua jambo ambalo vitabu vyetu vilivyotangulia havikuligusa: michezo. Nani alicheza na nani, nani alikatazwa kucheza, na nani alijikataza mwenyewe. Huenda wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo dogo la watoto. Sisi tumekaa nyuma ya meza ya duka kwa zaidi ya miaka 40, na tumeona kwamba mtu aweza kumuuzia jirani yake sukari na chumvi kila siku asimjue hata kidogo. Lakini hawezi kucheza naye dakika 90 bila kumjua.

Tuanze na mpangilio tulioukuta. Chini ya utawala wa Waingereza watu wa Tanganyika waligawanywa katika madaraja matatu: Wazungu juu, Waasia katikati, Waafrika chini. Shule zilikuwa za namna tatu, kila moja na fedha zake, walimu wake na mtaala wake. Viwanja vya michezo vikafuata mpango uleule. Wazungu walikuwa na klabu zao zenye viwanja vya tenisi na gofu na ukumbi wa vinywaji, na Mhindi aliyeingia humo aliingia kwa mlango wa nyuma, akiwa amebeba hati ya madai ya bidhaa. Mwafrika aliingia akiwa mpishi, mfagiaji au mwokota mipira.

Wazee wetu walifanya nini walipofungiwa mlango ule? Walijijengea klabu zao, na hilo ni la kuwasifu. Ila hawakujenga klabu moja. Wahindu walikuwa na yao, Waismailia yao, Wabohora yao, Wagoa yao, Masingasinga yao. Na ndani ya Wahindu wenyewe, Wapatidari na Walohana kila mmoja alitafuta kona yake panapokuwa na watu wa kutosha. Mlango mmoja ulifungwa na Wazungu. Hii mingine tuliiunda wenyewe, kwa misumari tuliyokuwa tukiiuza dukani. Mwafrika hakuwa mwanachama wa klabu yoyote kati ya hizo.

Shule za Kiafrika nazo zilipewa mafundisho yake ya mwili. Mwaka 1928 serikali ilifungua shule ya Malangali, katika nyanda hizihizi za juu kusini, chini ya mwalimu mkuu W. B. Mumford, aliyetaka vijana wafundishwe ngoma na michezo ya jadi ya makabila yao sambamba na masomo ya darasani. Wako wanaomsifu hata leo kwa kuheshimu mila. Sisi tunaona mambo mawili kwa pamoja: ni kweli aliheshimu ngoma, na ni kweli pia kwamba mpango ule ulikaa vizuri ndani ya serikali iliyotaka kila rangi ibaki na mchezo wake, mavazi yake na mahali pake.

Wazee wetu hawakuona ajabu kubwa katika mgawanyo huu, kwani walikuwa wameuzoea kabla hawajapanda meli. Mjini Bombay mashindano makubwa kabisa ya kriketi yalipangwa kwa dini. Yalianza kwa Wazungu kupambana na Waparsi. Wahindu wakaingia, kisha Waislamu mwaka 1912, na mwaka 1937 ikaongezwa timu ya tano ya "Wengineo", yaani Wakristo na wote wasiokuwa na timu. Maelfu walijaa viwanjani. Mwaka 1940 Mahatma Gandhi, mwana wa Porbandar kama wengi wa babu zetu, alipoombwa ushauri alisema waziwazi kwamba haoni kwa nini timu za michezo zipangwe kwa dini. Hata hivyo mashindano yale yaliendelea kuchezwa, yakafikia mwisho wake mwaka 1946.

Katika historia ya mashindano yale yumo mtu mmoja ambaye tungependa kila mtoto wa hekalu hili amjue. Aliitwa Palwankar Baloo. Alizaliwa katika tabaka la Wachamar, watu wa kazi ya ngozi, waliokuwa wakiitwa wasioguswa. Kijana Baloo alipata kazi ya kutunza uwanja katika klabu ya Wazungu mjini Poona, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa na ufundi, Wazungu wale walimtaka awatupie mpira kwa saa nyingi ili wajifunze kupiga. Gongo lenyewe hakupewa alishike. Timu ya Wahindu wa Poona ikamhitaji iwashinde Wazungu, na hapo ukazuka mjadala: je, Mbrahmini atacheza na Mchamar? Waliamua atacheza. Uwanjani aligusa mpira uleule walioushika wote. Lakini wakati wa chai wenzake waliingia ndani wakanywa kwa vikombe vya kaure, naye aliletewa chai yake nje, katika kikombe cha udongo cha kutupwa.

Mwaka 1911 timu ya India ilizuru Uingereza na Baloo akaangusha wiketi zaidi ya 100. Hakuna mtupaji Mhindi wa wakati wake aliyemzidi. Unahodha wa timu ya Wahindu hakupewa kamwe. Mdogo wake, Vithal, ndiye aliyeupata hatimaye, mwaka 1923. Tunayaandika haya katika kitabu cha hekalu la Kihindu kwa makusudi. Tumezoea kusimulia namna Wazungu walivyotubagua, na hadithi hizo ni za kweli, lakini kile kikombe cha udongo hakikuletwa na Mzungu.

Hadithi za upande wa pili zipo nyingi, nasi tutasimulia mbili tu. Ya kwanza ni ya Ranjitsinhji, mtoto wa Kathiawar, jirani na vijiji walikotoka mababu wa wengi wetu, ambaye baadaye alitawala Nawanagar, yaani Jamnagar. Mwaka 1896 alikuwa miongoni mwa wapigaji bora kabisa katika Uingereza nzima, lakini aliachwa nje katika mechi ya kwanza dhidi ya Australia iliyochezwa Lord's, kwani wakubwa wa pale waliona asiye mzaliwa wa nchi hastahili kuiwakilisha. Waliopanga timu ya Manchester hawakujali hayo. Walimwita, naye akapata mikimbio 62, kisha 154 bila kutolewa. Ya pili ni ya Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana kwa jina la Papwa, Mhindi wa Durban. Alianza kwa kubeba mifuko ya Wazungu wacheza gofu, akajifundisha kushika fimbo kinyume na wanavyoshika watu wote, mkono wa kushoto chini ya wa kulia, na akashinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mara tatu. Mwaka 1963 alishinda mashindano ya wazi ya Natal. Mvua ilikuwa ikinyesha. Sheria za ubaguzi za Afrika Kusini hazikumruhusu kuingia katika jengo la klabu, kwa hiyo wageni wa Kizungu walikaa ndani pakavu, na bingwa alipokea kombe lake nje, akiwa amelowa. Picha ile ilizunguka dunia.

Chai ya Poona ilinywewa nje, na kombe la Durban likapokewa nje, na kati yake ipo miaka zaidi ya 60 na bahari nzima. Atakayetuuliza tofauti ya matukio hayo mawili, hatutakuwa na jibu la haraka la kumpa.

Turudi Rungwe. Wanyakyusa, majirani zetu, wana neno lao, ukwangala, nalo halina tafsiri fupi. Ni ile raha na adabu ya kukaa pamoja na wenzako, kula nao, kunywa nao, kuzungumza na kujifunza kutoka kwao. Zamani vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe, wakalima, wakala na kucheza pamoja, na mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka. Mtaalamu Monica Wilson aliandika kitabu kizima juu ya desturi hiyo mwaka 1951. Sasa mweke Mgujarati katikati ya watu hawa: mtu asiyekula nyama, anayelinda usafi wa jiko lake kwa dini, ambaye katika nyumba yake kikombe cha mtumishi kiliwekwa kando na vingine. Jirani hakuona usafi wa dini. Aliona mtu asiyetaka ukwangala. Naye Mhindi aliyetazama vijana wakinywa kwa kipokezano kutoka chombo kimoja hakuona udugu, aliona hatari. Kila upande ulikuwa na neno lake la kuuitia upande wa pili. Hatutayachapa maneno hayo hapa, wala hakuna haja, kwani wasomaji wetu wote wanayajua.

Watoto ndio waliovunja ukuta huo kwanza, na waliuvunja kwa amri ya serikali. Katika mjadala wa uraia wa mwaka 1961 Mwalimu Nyerere alikataa kata kata uraia usimame juu ya rangi, hata akawa tayari kujiuzulu kwa ajili ya hilo. Na kuanzia Januari 1962 mfumo wa shule za rangi tatu uliondolewa, zikawa shule za watoto wote. Kizazi chetu kiliingia darasa la kwanza miaka michache baadaye, wakati Azimio la Arusha likiwa jipya, tukaketi dawati moja na watoto wa Mwakipesile na wa Mwakalinga, tukalima bustani moja ya shule, tukaimba nyimbo zilezile. Hilo halikuwa jambo dogo. Wazazi wetu hawakuwahi kuketi hivyo.

Kipindi cha mazoezi ya viungo kilikuwa na mambo yake. Katika Rungwe mpira wa watoto ulifumwa kwa majani makavu ya migomba na kufungwa kwa kamba za mgomba huohuo. Ulidunda kidogo, na mvua ikinyesha, nayo hapa hunyesha karibu kila siku, ulilowa ukawa mzito kama jiwe. Mpira wa ngozi ulikuwa dukani, umening'inizwa kwenye msumari, na duka lilikuwa la baba. Kwa hiyo mwalimu wa michezo alipopanga timu, mtoto wa Kihindi aliachwa mpaka mwisho, kwani ilikwisha kuamuliwa kwamba Mhindi hajui mpira. Lakini kuachwa kabisa hakuweza, kwa sababu mpira ulikuwa wake. Mwenye mpira hakosi namba, ndivyo wenzetu walivyosema, wakicheka. Tuliwekwa pembeni kabisa, upande wa kushoto, mahali ambapo mpira haukuwa ukifika. Siku ambayo baba alikataa mpira kutoka dukani, tulipewa daftari tuandike mabao.

Wala isidhaniwe kwamba tulikuwa tunaonewa tu. Wengi wetu hatukujua kweli, kwani jioni wenzetu walipokwenda kucheza chandimu hadi giza, sisi tuliitwa kukaa dukani, na mama alisema viatu ni vya shule. Mguu hujifunza jioni. Mtoto asiyecheza jioni hawezi kuja kushindana saa nne asubuhi mbele ya mwalimu. Walikuwepo wachache waliotoroka, na mmoja wa rika letu alipata kuwa mlinda mlango hodari. Majirani walimpa jina la Kinyakyusa na kulitumia mpaka alipohama.

Habari ya wasichana ni fupi, nayo ni ya huzuni. Binti wa Kihindu alikuja na barua ya baba kwamba asivae kaptura wala asikimbie mbele ya watu. Binti wa Kinyakyusa hakuja na barua, lakini alikuwa amebeba maji na kuni kabla ya jua kuchomoza, na jioni alikuwa na mdogo wake mgongoni. Kwa sababu mbili tofauti, wote wawili walikaa chini ya mti uleule wakati wavulana wakicheza. Wakiwa pale walicheza mdako kwa vijiwe, na wasichana wetu walikuwa na mchezo wa namna hiyo nyumbani kwao, wa vijiwe vitano, basi hawakuhitaji kufundishana sana. Tunadhani ule ndio ulikuwa mchanganyiko wa kweli kuliko wote katika shule ile, na hakuna aliyeandika mabao yake.

Kisha watu wakaanza kuondoka. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha, na mwaka uliofuata Idi Amin akawafukuza Wahindi wa Uganda kwa notisi ya siku 90. Ingawa Tanzania haikumfukuza mtu kwa rangi yake, hofu haina mpaka, na familia nyingi za nyanda za juu zilifunga maduka zikaenda Uingereza, Kanada au Dar es Salaam. Klabu zilizogawanywa kwa madhehebu zikakosa watu wa kutosha hata kuunda timu moja. Ndipo wale waliobaki wakaanza kucheza na yeyote aliyekuwapo. Tusijisifu sana kwa hilo.

Nchi yetu wakati huohuo ilichukua msimamo ambao sisi tunaona fahari kuutaja. Mwaka 1976 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia Michezo ya Olimpiki ya Montreal, kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa imekwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini, iliruhusiwa kushiriki. Filbert Bayi, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500, alikosa nafasi ile. Alilipa yeye, na wanariadha wenzake, ili watu kama Sewgolum wasiendelee kupewa makombe mvuani. Hatukumbuki kusikia katika nyumba zetu mtu akimshukuru.

Tazama sasa timu mbili. Mwaka 1975 Afrika Mashariki ilishiriki Kombe la Dunia la kwanza la kriketi, lililochezwa Uingereza. Nahodha alikuwa Harilal Shah, na wachezaji wengi walikuwa wa asili ya Kihindi na Kipakistani, pamoja na Wazungu wachache. Waafrika weusi walikuwa wawili, John Nagenda na Samuel Walusimbi, wote wa Uganda. Timu ilifungwa mechi zote tatu, mojawapo na India, kwa wiketi 10. Wazee walisikiliza matokeo kwa redio wakaumia kwa ajili ya timu yao. Ila mkulima wa viazi wa Kyimo hakujua kwamba alikuwa na timu Uingereza, maana haikufanana naye.

Timu ya pili ni ya mwaka 1980. Nchi kadhaa ziliposusia Olimpiki ya Moscow, nafasi zilibaki wazi katika mpira wa magongo, na Tanzania ikaalikwa. Kikosi kilichokwenda kilikuwa na majina ya Kigoa, ya Kisingasinga, ya Kiislamu na ya Kiafrika, wote wamevaa jezi ya nchi moja. India iliifunga timu hiyo mabao 18 kwa 0. Ndiyo, 18. India iliendelea hadi kuchukua medali ya dhahabu, na Tanzania ikawa ya mwisho kati ya timu 6. Majirani walitutania sana sokoni: mmefungwa na ndugu zenu, sasa mnalia au mnacheka? Utani ule ulikuwa mtamu kwetu kuliko walivyojua wenyewe, kwani katika sentensi ileile walisema "mmefungwa". Michezo ileile ilimletea Bayi medali ya fedha, na Suleiman Nyambui naye ya kwake, kwa hiyo nchi ilikuwa na mengine ya kufurahia.

Sasa tufike kwenye mwaka ambao kila mtu wa Rungwe mwenye umri wetu anaukumbuka. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala, ilipanda daraja, na katika msimu huohuo ikawa bingwa wa Tanzania Bara. Tunarudia kwa ajili ya vijana wanaodhani kwamba mpira wa nchi hii umekuwa Simba na Yanga tangu kuumbwa kwa dunia: timu ya mji mdogo wa milimani, wenye migomba na chai na mvua, ilizipita zote. Siku zile Kinyakyusa kilisemwa kwa sauti katika mabasi mpaka Mbeya mjini na kupita.

Ni nini kilichofanya jambo hilo liwezekane? Kwanza ni miguu ya vijana wenyewe, na hiyo haiwezi kununuliwa. Lakini timu inayosafiri kutoka Tukuyu kwenda Dar es Salaam, Tanga au Mwanza yahitaji pia basi, dizeli, jezi, njumu, chakula na mahali pa kulala, na hiyo ilikuwa miaka ya uhaba, ambapo hata sabuni ilipangiwa foleni. Wafanyabiashara wa mji walichangia, na Wahindi wa Tukuyu walikuwa miongoni mwao. Hatutaji jina la mtu, kwa kuwa waliotoa ni wengi, na kuwataja wachache kutawadhulumu wengine, wakiwamo akina mama wa sokoni waliotoa ndizi. Tunataka tu msomaji akumbuke kwamba miaka mitatu tu kabla ya hapo, katika msako wa mwaka 1983, mfanyabiashara wa Kihindi aliitwa mlanguzi na mhujumu uchumi, na baadhi waliwekwa ndani, wenye makosa na wasio na makosa. Mwaka 1986 mtu yuleyule aliitwa mfadhili, akapewa kiti cha mbele. Mpira ulifanya kwa msimu mmoja kazi ambayo hotuba hazikuifanya.

Hata hivyo tuangalie vema kiti kile kilikuwa wapi. Kilikuwa jukwaani. Katika kikosi chenyewe cha mabingwa hapakuwa na kijana wa jamii yetu. Na tangu siku zile mambo yameendelea hivyohivyo kitaifa: mwaka 1993, Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF, mfadhili alikuwa Azim Dewji, baadaye Yanga iliongozwa na Yusuf Manji, na Simba ikapata mwekezaji wake, Mohammed Dewji. Mashabiki huyataja majina yao kwa mapenzi, au kwa hasira timu ikifungwa. Lakini muulize shabiki yeyote akutajie mchezaji mmoja wa asili ya Kihindi aliyeichezea klabu kubwa katika miaka hiyo, atakaa kimya kwa muda mrefu. Mwenye mpira hakosi namba. Ni namba yake tu iliyobadilika, kutoka pembeni ya uwanja hadi nje ya mstari.

Wako miongoni mwetu wanaoridhika na hali hiyo, na husema kwamba kutoa ni heshima kubwa kuliko kucheza. Sisi hatukubaliani nao. Mfadhili hupendwa mpaka fedha zinapokwisha. Mlinda mlango yule wa rika letu hakuwa na fedha, na jina lake la Kinyakyusa lilitumika hata alipofungwa.

Hali ya leo imechanganyika. Watoto wetu wengi husoma shule za binafsi zenye mabwawa ya kuogelea, ambazo karo yake haimwezeshi mtoto wa jirani kuingia, kwa hiyo ule mgawanyo ulioondolewa mwaka 1962 kwa sheria umerudi kwa risiti ya benki. Rangi haitajwi tena, na matokeo hayatofautiani sana. Kwa upande mwingine, kriketi, iliyokuwa mchezo wetu wa faragha, imetoka ndani ya kuta. Imefundishwa katika shule za serikali, na timu ya taifa ya wanawake imejaa mabinti wa Kiafrika ambao mama zao hawakuwahi kuliona gongo. Mwaka 2025 vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, na katika orodha ya wachezaji wao majina ya Kigujarati na ya Kiafrika yamekaa pamoja. Ukiilinganisha na ile ya mwaka 1975, utaona safari iliyokwenda.

Limebaki jambo la hapahapa kwetu. Waumini wote wanakijua kiwanja kilicho nyuma ya hekalu, na majirani wanakijua vizuri zaidi, kwani kabla hatujakizungushia seng'enge watoto wa upande wa sokoni walikuwa wakicheza hapo. Uzio uliwekwa kwa sababu zilizoeleweka: mpira ulivunja vioo, na mara moja uliingia wakati wa arati. Sasa nyasi zimeota hadi magotini, na hutumika usiku chache za Navratri tu, mvua ikiruhusu. Baadhi yetu tumewasilisha pendekezo kwa maandishi. Lango la upande wa sokoni lifunguliwe Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa tisa alasiri hadi kabla ya arati ya jioni. Wavu mrefu uwekwe upande wa madirisha. Gharama tumekwisha kuikadiria na michango ya kwanza imepatikana. Saa moja ya mwanzo iwe ya wasichana peke yao, wetu na wa majirani. Mipira itunzwe na kamati ya watu sita, watatu kati yao majirani, isiwe mali ya duka lolote. Na watoto wetu wenyewe waletwe kucheza, maana lango likifunguliwa ili wengine wacheze na sisi tutazame kutoka kibarazani, tutakuwa tumejenga jukwaa jingine.

Pendekezo hili limepangwa kuwa ajenda ya saba katika mkutano mkuu, baada ya taarifa ya mweka hazina. Wenye haki ya kupiga kura ni wanachama waliolipa ada ya mwaka. Majirani hawana kura katika mkutano huo, lakini katiba yetu inamruhusu mwenyekiti kumpa mgeni nafasi ya kusema, nasi tumekwisha kumwandikia kumwomba afanye hivyo.